Mvua Ndani ya Mtungi

Jumatatu, 3 Februari

Habari kubwa. Madam Wanjugu, mkubwa wetu wa kanda, anakuja kukagua kituo tarehe ishirini na sita. Koome ndiye aliyepokea simu. Alinipa habari hiyo huku akipangusa viatu vyake, kana kwamba ni jambo dogo. Si dogo. Nyahururu kuna nafasi moja ya mpima hali ya hewa. Sisi hapa Rhamu tuko wawili. Atakayependekezwa na Madam ataondoka. Mwingine atabaki na jua.

Mimi nina sababu. Mke wangu, Mwende, anafundisha Nyahururu. Binti yetu ana miaka minne na ananiita Baba wa Simu. Koome hana mke. Ana soksi zilizopigwa pasi.

Lakini kuna jambo ambalo Koome halijui. Kwenye semina ya Garissa, miaka miwili iliyopita, niliketi meza ya jirani na Madam nikamsikia akilalamika kwamba ukanda huu wote una nyama nzuri na hauna glasi moja ya mvinyo ya kuisindikiza. Koome alikuwepo. Alikuwa akiandika mambo ya semina.

Mvinyo hauuzwi hapa. Mji ni wa Waislamu na hawautaki, na ni haki yao. Kuuleta kwa basi ni kufunguliwa begi kwenye kila kizuizi mbele ya abiria wote. Basi nitautengeneza mwenyewe. Babu yangu kule Kitui alipika pombe ya kaluvu miaka arobaini. Mvinyo ni nini? Matunda, sukari, hamira na subira. Vitatu ninavyo.

Jumanne, 4 Februari

Nimenunua maembe ya mwisho mwisho kutoka mashamba ya kando ya mto Daua. Laini, matamu, mengine yameanza kuchachuka yenyewe, jambo ambalo nimelichukulia kuwa dalili njema. Sukari na hamira kwa Abdilatif, mwenye duka. Akauliza napika nini. Nikasema mandazi. Akasema atakuja kuonja. Sikuwa nimefikiria hilo.

Mpira mwembamba wa dripu nikaupata duka la dawa. Muuzaji akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni shangazi. Akasema pole, akaniongezea plasta.

Kila kitu kimo ndani ya mtungi wa lita ishirini, chini ya kitanda. Mpira unatoka kwenye kifuniko hadi kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na isiingie. Kazi safi. Babu angejivunia.

Alhamisi, 6 Februari

Si kazi safi.

Usiku mzima mtungi ulinguruma kama mtu mwenye tumbo baya. Alfajiri mpira uliruka. Povu likapanda, likashuka, likaingia kwenye viatu vyangu vya kazi. Nimeingiza kipimajoto ndani ya rojo: nyuzi thelathini na tisa. Chumba chenyewe ni thelathini na sita, na hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Nimesoma kwenye simu kwamba inapenda ishirini na kitu. Ikipita thelathini huanza kuwehuka, na karibu na arobaini hufa.

Kufikia saa sita mchana ilikuwa imekufa. Kimya. Harufu ni ya rangi ya kucha iliyochanganywa na yai bovu. Nimeonja. Sitaandika nilichohisi.

Koome alisema ninanukia matunda leo. Nikamwambia ni sabuni mpya. Akauliza naipata wapi.

Ijumaa, 7 Februari

Mtungi wa pili, maembe mapya. Safari hii ninaanza na joto, sio na maembe. Nimenunua mifuko ya barafu kwenye friza ya Abdilatif nikaifunga kiunoni mwa mtungi kwa leso. Rojo likashuka hadi ishirini na tano. Nilikaa pale nikilitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga akilala.

Alasiri barafu ilikwisha. Nikarudi dukani. Abdilatif akasema barafu zote zimechukuliwa na wenye arusi. Halafu akauliza kuhusu mandazi. Nikasema yaliungua. Akasema basi ndiyo maana ya barafu. Sijui alimaanisha nini, ila nilikubali.

Jumapili, 9 Februari

Karai la maji, mtungi katikati, gunia lililolowa juu yake. Kila mtu aliyeishi sehemu ya joto anajua gunia bichi hupoza. Lakini chumbani hakuna upepo. Gunia limekaa tu, bichi na vuguvugu, kama shati la mtu aliyekimbia. Mtungi uko thelathini na tatu. Chumba kimejaa unyevu hadi mlango umevimba, na kofia yangu ya kazi imeota ukungu.

Jirani yangu Qali, anayeuza maziwa, aliona magunia yangu kwenye kamba. Yeye ndiye huniletea maziwa ya mbuzi kila jioni, na hunisemesha hata siku ambazo sina la kusema. Akauliza walaal, yaani ndugu yangu, mtu mmoja anahitaji magunia mangapi ya kulala. Nikamwambia ni ya mgongo. Akaenda akarudi na gunia lake moja, kubwa zaidi, na dua.

Qali ni mtu mwema. Natia alama hapa ili nikumbuke.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekuwa mjinga kwa wiki nzima na jibu liko kazini kwangu!

Ndani ya kibanda cheupe cha vipimajoto kuna vipimajoto viwili. Kimoja kikavu. Kingine kimevishwa kitambaa kilicholowa. Upepo ukipita kwenye kitambaa, maji yanakauka, na kipimajoto hicho kinashuka. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo kinavyoshuka zaidi. Leo alasiri: kikavu thelathini na nane, cha maji ishirini na mbili. Nyuzi kumi na sita za bure! Nimekuwa nikiziandika kila siku kwa miaka sita bila kuzitumia.

Kinachotakiwa ni kivuli, upepo na faragha. Mjini Rhamu kuna mahali pamoja tu penye vyote vitatu: chini ya kibanda chenyewe, ndani ya ua wa kituo, penye seng'enge na kufuli.

Nimetengeneza kasha la mbao lenye mianya, nikalipaka rangi nyeupe ya serikali na kuandika MALI YA SERIKALI. Mtungi ndani. Magunia mabichi nimeyafunga kwenye miguu minne ya kibanda kama pazia, na debe la maji juu yake likidondosha kidogo kidogo. Koome aliuliza ni nini. Nikasema ni agizo kutoka juu, kuzuia mchwa. Akauliza barua ya agizo iko wapi. Nikasema iko njiani. Koome ni mtu wa kuheshimu barua hata ambayo hajaiona.

Jumatano, 12 Februari

Nyuzi ishirini na sita! Mapovu yanatoka polepole, moja, jingine, kama mtu anayehesabu kwa adabu. Harufu ni ya embe na ya mkate. Hakuna kucha, hakuna yai.

Kuna tatizo dogo. Unyevu wa magunia unapanda na kuingia kibandani kupitia mianya. Leo asubuhi, zamu ya Koome, vipimajoto vilionyesha hewa ya Rhamu baridi na yenye unyevu kuliko ilivyokuwa mwezi wowote tangu masika. Koome akasoma mara mbili. Akafuta kioo cha miwani akasoma tena. Kisha akaandika alichokiona, akatuma ofisi ya kanda, Garissa, kwa simu kama kawaida.

Alasiri, zamu yangu, nilisoma kitu hicho hicho. Nikaongeza nyuzi nne kichwani, nikapunguza unyevu hadi pale unapopaswa kuwa, nikatuma. Mtu mwenye uzoefu hahitaji kuamini kila anachokiona.

Ijumaa, 14 Februari

Koome amepata kiburi. Amekuwa akienda kwa Abdilatif jioni na kueleza watu juu ya unyevu. Hajasema mvua inakuja. Koome hasemi jambo hivyo. Anasema unyevu umepanda kwa siku tatu mfululizo, kwamba hajawahi kuona hivyo Februari, na kwamba kila mtu afikirie mwenyewe. Watu wamefikiria. Leo baada ya swala ya Ijumaa wamesikika wakisema jamaa wa hewa ameona mvua.

Abdilatif amepandisha turubai zake mbele ya duka. Kuna watu wanazibua mfereji. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa chache na watu wamechoka kutazama juu.

Mimi ningeweza kusema neno. Lakini nimepiga hesabu hivi. Mvua haitanyesha. Koome atakuwa ametangaza mvua ambayo haipo, siku kumi na mbili kabla Madam hajafika. Mimi nitakuwa yule ambaye namba zake za alasiri zilibaki imara. Sikupanga hili. Limekuja lenyewe. Mtu akiletewa zawadi haulizi imetoka wapi.

Nikaongeza maji kwenye debe.

Jumapili, 16 Februari

Qali alikuja na maziwa, na kaka yake Kulow. Kulow ana umri wa baba yangu na ngamia kumi na mmoja, na wote wawili, yeye na ngamia, wana mwendo wa kutokuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti changu cha pekee, nami nikasimama.

Alisema malisho ya upande huu yamekwisha. Alikuwa aondoke jana kuelekea Takaba, ambako kulinyesha kidogo mwezi wa kumi na moja na bado kuna vichaka vyenye majani. Lakini ana ngamia wawili wenye mimba kubwa, na safari ni ndefu. Amesikia kijana wa hewa ameona mvua. Kama mvua iko karibu, heri angoje hapa hapa, wazae, kisha majani yaje yenyewe. Alitaka kusikia kutoka kwangu kwa sababu mimi ni mkubwa wa kituo.

Nikasema hali ya hewa ni jambo gumu. Nikasema kuna dalili na kuna dalili. Nikasema mengine ambayo siyakumbuki, yote ya kweli moja moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema basi atangoja siku nne.

Maziwa ya leo yalinishinda kunywa.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamua kutoingilia. Kulow ni mtu mzima. Siku nne si nyingi.

Mvinyo uko nyuzi ishirini na tano, rangi ya asali. Nimeonja kijiko. Mwende angeupenda. Nimemwambia kwa simu kwamba huenda mambo yakawa mazuri mwezi ujao. Binti yetu aliuliza kama nitakuja na miguu au na simu.

Mchana niliwaona ngamia wa Kulow kando ya njia, wakinyoosha shingo kwenye mti ambao hauna kitu. Mmoja alikuwa amelala chini. Nikarudi ofisini kwa njia nyingine.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda. Sijui kwa nini nimekwenda. Nilitoka kununua mkate.

Kulow alikuwa amechuchumaa karibu na yule ngamia aliyelala. Nikamwambia adeer, yaani ami, ondoka leo. Akauliza vipi, na mvua? Nikasema kipimajoto ni kigonjwa. Akauliza kinaumwa nini. Nikasema kimepata maji. Akauliza maji gani, na mvua haijanyesha. Kila nilipojificha alinikuta hapo hapo, bila kuinua sauti. Mwishowe nikamweleza yote: magunia, kasha, mtungi. Kilichomo ndani ya mtungi nikakiita maji ya maembe, kisha nikaona uso wake, nikakiita kwa jina lake.

Alimkwangua ngamia mgongoni kwa kijiti. Kisha akasema, "Kwa hivyo mvua yetu iko ndani ya mtungi wako."

Nikasema ndiyo.

"Na umeninyamazia siku mbili."

Nikasema ndiyo tena. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniambia nishike kamba ile pale, kwa kuwa nina mikono. Tuliwafunga mizigo ngamia hadi jasho likanitoka machoni. Yule aliyelala aliinuka kwa shida, kwa hatua tatu tatu, na Kulow akimwimbia kwa Kisomali. Jua lilipopungua wakaondoka. Hakuniaga. Hakukataa mkono wangu pia. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Jioni Qali hakuleta maziwa.

Jumatano, 19 Februari

Mji mzima unajua. Watoto wamenifuata kutoka msikitini hadi kituoni wakiuliza leo mtungi utanyesha saa ngapi. Abdilatif ameteremsha turubai. Aliniambia sasa ameelewa kuhusu mandazi. Akaongeza kwamba sukari na hamira kwa pamoja hataniuzia tena, nichague kimoja.

Mjumbe wa chifu alipita kunishauri, kwa upole, nikiondoe kitu hicho kwenye uwanja wa serikali kabla chifu hajalazimika kukijua. Nimetoa magunia na kasha. Mtungi umerudi chini ya kitanda.

Nilimngoja Koome kwa hofu. Alikuja saa tatu kamili, akasoma vipimajoto, ambavyo sasa vimerudi kwenye ukavu wake, akaandika. Kisha akaniambia jana jioni alikwenda dukani akawaomba watu radhi. Nikamuuliza radhi ya nini, yeye hakujua. Akasema ndiye aliyezungumza, basi ndiye aliyeomba. Aliniomba jambo moja tu: nipige simu Garissa niwaambie namba za wiki iliyopita zimeharibika, zake na zangu.

Nikasema nitapiga kesho.

Jumamosi, 22 Februari

Sikupiga jana. Wala juzi. Leo ni Jumamosi, ofisi imefungwa.

Mtungi umepanda hadi thelathini na nne. Nimepepea kwa kipande cha katoni hadi bega likaisha. Mapovu yalikwisha siku nyingi, hivyo nikafikiri joto halina madhara tena. Nimesoma kwenye simu kwamba lina madhara. Pia nimegundua mpira wa dripu ulitoka nilipouhamisha mtungi, na kwamba kwa siku tatu umekuwa wazi kwa kila nzi wa Rhamu.

Qali amepita nje akamsalimu Koome kwa jina. Mimi akanisalimu kwa kichwa.

Jumatano, 26 Februari

Madam Wanjugu alishuka kwenye gari akiwa amejaa vumbi la kutoka Mandera, akakataa kiti, akakataa chai, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cheupe. Alisoma vipimajoto mwenyewe. Alikagua miguu ya kibanda, ambako magunia yameacha mistari ya chumvi. Chini kulikuwa na nzi wadogo wa matunda, wengi, wakizunguka mahali ambapo palikuwa na kasha.

Ndipo akatuuliza, "Wiki mbili zilizopita, kila asubuhi Rhamu ilikuwa Lamu. Kila alasiri ikarudi Rhamu. Ilikuwa ikisafiri kwa gari gani?"

Koome aliangalia viatu vyake. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Hakusema kitu, wala hakunitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko angenitazama.

Nikasema Koome aliandika alichokiona. Madam akauliza na mimi je. Nikasema mimi niliandika kilichostahili kuonekana. Ilipokuwa kichwani mwangu sentensi hiyo ilikuwa nzuri.

Nikamweleza. Nilifupisha. Utengenezaji wa mvinyo niliuita jaribio la upozaji kwa mvukizo, na kwa dakika moja nilidhani ameshawishika, maana aliniuliza nilifikia nyuzi ngapi. Nikasema ishirini na tano. Akasema si mbaya kwa Februari. Kisha akaomba auone mtungi.

Niliuleta mwenyewe, nikiubeba kifuani. Alimimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa yake ya maji, akanusa, akaweka kwenye ulimi.

"Siki," akasema.

Nikauliza kama ni siki mbaya. Akasema hapana, ni siki nzuri sana.

Mchana tulikula wali na nyama ya mbuzi kutoka hotelini, na Madam akajimiminia siki yangu juu ya kachumbari. Akala. Akajimiminia tena. Sikuweza kutoa macho yangu kwenye sahani yake. Baada ya kula alinawa mikono, akatuambia uamuzi wake mbele yetu wote wawili, bila kuzungusha. Koome anakwenda Nyahururu, kwa sababu anaandika anachokiona hata kikimfanya aonekane mjinga. Mimi nitabaki. Nitaandikiwa barua, na nikiandika namba moja zaidi kutoka kichwani sitaandika nyingine.

Aliondoka na chupa mbili za siki kwenye begi lake.

Alhamisi, 27 Februari

Nimempigia Mwende. Akauliza kama ni kweli nimekosa uhamisho kwa sababu ya maembe. Nikasema kwa sababu ya joto. Akasema yeye na mtoto watakuja likizo ya Aprili, basi nitafute neti ya pili na niache mitungi. Nikasikia binti yetu nyuma akiuliza kama Baba wa Simu analia. Mwende akamwambia ni mtandao.

Jumamosi, 8 Machi

Koome ameondoka. Watu walikuja kumuaga, hata Abdilatif, ambaye alipandisha turubai kwa ajili ya mvua yake na hakumlaumu hata kwa neno. Mimi nilimbebea sanduku hadi kwenye gari. Nikamwambia asante kwa siku ile. Akasema alinyamaza kwa sababu aliona nitasema mwenyewe. Sikumwambia kwamba nilikuwa nikingoja yeye aseme.

Aliniachia pasi yake.

Qali amenipa habari pale pale barabarani, kwa maneno machache. Kulow alifika Takaba. Ngamia mmoja alizaa njiani, wakambeba mtoto kwenye mgongo wa mwingine. Yule wa pili, aliyekuwa akilala, alizaa siku ya kufika. Mama ni dhaifu lakini anakula. Akanitazama, akasema Alhamdulillahi kwa niaba yangu.

Jioni nilikuta chupa ya maziwa mlangoni. Ni mwezi wa Ramadhani na yeye mwenyewe alikuwa hajala tangu alfajiri. Nimeichemsha nikainywa yote.

Jumatatu, 17 Machi

Joto thelathini na tisa. Niko peke yangu kituoni, zamu zote mbili. Namba ninaandika kama zilivyo. Inachosha, lakini inawezekana.

Nimekuwa nikifikiri juu ya ile siku ya ukaguzi, na ninadhani nilihukumu mambo vibaya kwa sababu ya uchungu. Madam alijimiminia mara mbili. Aliondoka na chupa mbili. Mtu hachukui chupa mbili za kitu cha mtu aliyemkasirisha. Na kilikuwa siki tu! Angalikuta mvinyo je? Kosa halikuwa wazo. Kosa lilikuwa siku saba za mwisho chini ya kitanda. Nyuzi tisa zimenikosesha Nyahururu.

Anarudi Julai. Nimesikia kuna mtu atastaafu Machakos.

Leo lori limeleta chombo kipya kutoka kwake. Karai la chuma linalong'aa, pana kuliko meza ya kulia, la kujazwa maji na kuachwa wazi uani. Kila asubuhi ninapima maji yamepungua kiasi gani, ili Garissa ijue ukavu halisi wa hewa ya hapa. Barua iliyokuja nalo inasema limeletwa mahsusi kwa ajili ya kituo hiki, ili yaliyotokea Februari yasitokee tena.

Nimelijaza kama walivyoagiza. Upepo unalipuliza siku nzima, na jioni nilipotumbukiza mkono maji yalikuwa baridi hadi kwenye mfupa. Liko ndani ya seng'enge. Ufunguo wa kufuli ninao mimi tu.

Sitafanya lolote mwezi huu. Majirani wamefunga, na mimi nina heshima zangu. Baada ya Idi, matikiti yatakuwa yameiva kando ya mto. Nimepima kwa kamba. Mtungi ukilazwa ubavu unaingia na nafasi inabaki. Maji yatapanda kidogo ukiingia.

Nitaandika manyunyu.